MUCHANGA NA SIMA YA KUPAKA NYUMBA

Maneno kwa watu wa migini iliyo karibu na machimbo



Leo hatusemi juu ya mahindi wala mihogo. Tunasema juu ya nyumba. Mutu akivuna vizuri na kuuza mahindi yake, anataka kutengeneza nyumba yake. Jambo hilo ni jema. Ukuta wenye mashimo ni mulango wa panya, na panya ndio wanaokula chakula chenu. Ukuta wenye nyufa unaingiza mvua, na watoto wanalala katika baridi. Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini munajua wenyewe mambo yanayotokea. Mutu ananunua sima, ile ambayo watu wa pwani wanaiita saruji. Anaita mujenzi. Mwezi wa tano nyumba imepakwa, inapendeza. Mvua za mwezi wa kumi na moja zinafika. Mwezi wa pili upako umevimba, umepasuka, unaanguka kama ganda la yai. Mwenye nyumba anasema: «Sima ilikuwa mbaya, muchuuzi amenidanganya.» Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa si la sima. Kosa ni la muchanga.

Na katika inchi yetu ya machimbo, muchanga mubaya hauharibu ukuta tu. Unaweza kuingiza sumu ndani ya nyumba. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

1. Ukuta ni muchanga

Hesabuni kwanza. Kwa ndoo moja ya sima munatia ndoo tano za muchanga. Basi upako wenu ni muchanga; sima ni gundi tu inayoshika chembe za muchanga pamoja. Sima inatoka kiwandani ndani ya mufuko, na namba yake imeandikwa juu. Lakini muchanga hakuna mutu anayeuandikia namba. Ni ninyi munaouchagua. Mukichagua vibaya, hakuna sima itakayowaokoa.

2. Muchanga wa kukataa

Karibu na Kolwezi, na Likasi, na Kambove, na Kipushi, munaona vilima na mabwawa makavu ya muchanga laini. Huo si muchanga wa Mungu. Ni mabaki ya machimbo. Union Minière ilianza mwaka 1906, Gécamines ikashika kazi yake mwaka 1967, na kampani nyingine zimekuja nyuma. Kwa zaidi ya miaka mia moja mashini zimesaga mawe, zimetoa shaba na kobalti, zimetupa mabaki.

Mutu akiona mabaki hayo anafurahi. Ni karibu na njia. Ni laini, hayana kokoto. Mara nyingine hayalipwi hata franka moja. Anasema moyoni: «Muchanga huu umekwisha kuchungwa, nitapata faida.» Hapana, ndugu. Mashini haikutoa yote. Katika mabaki kumebaki shaba na kobalti, na mahali pengine risasi, na zinki, na arseniki. Yako mambo mawili mabaya.

Jambo la kwanza ni la ukuta. Muchanga uliosagwa kama unga unakunywa maji mengi. Maji yakikauka, upako unajikunja na kupasuka. Tena mawe ya machimbo mengine yana kiberiti ndani yake, ile salfa. Kiberiti hicho kikikutana na maji na hewa, kinageuka kuwa asidi na chumvi. Chumvi hiyo inaingia ndani ya sima, inavimba, inasukuma. Upako unakufa toka ndani, hata kama sima ilikuwa nzuri kabisa.

Jambo la pili ni la watu, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Ukuta wa nyumba unasuguliwa kila siku: na mugongo wa mutu, na kitanda, na ufagio. Vumbi linaanguka chini. Nani anakaa chini? Mutoto mudogo. Anatambaa, anashika vumbi, anatia vidole kinywani.

Mwaka 2009 waganga na walimu wa Universite ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, walitangaza habari waliyoiona katika Katanga. Walipima mukojo wa watu. Watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha mawe walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wanaokaa mbali, na watoto ndio walioonekana vibaya zaidi. Mwaka 2018 walitangaza habari nyingine, ya Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambapo watu walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti katikati ya nyumba zao. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti nyingi, tena watoto walikuwa nayo mwilini kuliko wakubwa.

Waganga hao walisema juu ya vumbi, hawakusema juu ya upako. Lakini tumieni akili zenu. Mutu akipaka chumba cha watoto wake kwa muchanga wa machimbo, amejitengenezea vumbi lile kwa mikono yake, na kulipa mujenzi juu yake.

Basi kataeni muchanga wa namna hizi:

Kataeni muchanga wa vilima na mabwawa ya mabaki, hata kama mutu anawaletea mulangoni bure.

Kataeni muchanga wa muto chini ya mahali maji ya machimbo yanapoingia. Muto unabeba mabaki mpaka mbali. Mukiona mawe yenye rangi ya kijani au ya buluu, maji mekundu kama kutu, ukingo usio na majani, ondokeni pale.

Kataeni muchanga wa uwanda ambapo miti haioti, lakini linaota lile jani dogo lenye maua ya zambarau, ua la shaba. Wenye kutafuta mawe walilifuata jani hilo ili wajue mahali shaba ilipo. Likiwaonyesha wao shaba, linawaonyesha ninyi mahali pa kuacha.

Kataeni mavi ya shaba, yale meusi ya viwanda vya kuyeyusha, kama kile kilima kikubwa cha Lubumbashi.

Kataeni kabisa jiwe lolote na muchanga wowote wa Shinkolobwe. Pale ilitoka uranyumu iliyofanya mabomu ya mwaka 1945. Mwaka 2004 Rais alikataza watu kuchimba pale. Sumu ya uranyumu haina harufu, haina ladha, haionekani kwa macho. Ndani ya ukuta inakaa na ninyi usiku na muchana, na watoto wa watoto wenu wataikuta.

Tena musibebe muchanga mwema ndani ya mifuko iliyobeba mawe ya machimbo. Mufuko huo umejaa vumbi. Hata kuuosha hakutoshi. Nunueni mifuko mingine, ao tumieni ndoo na vikapu.

3. Muchanga wa kutwaa

Muchanga muzuri ni muchanga wa muto, toka juu, kabla ya machimbo. Mwendo ni murefu? Ndiyo. Lakini nyumba inapakwa mara moja kwa miaka mingi. Kwendeni wakati wa jua kali na baridi, toka mwezi wa sita mpaka wa tisa, maji yakiwa machache. Twaeni muchanga uliolala katikati ya muto. Musichimbe ukingo. Ukingo ni wa mashamba ya mboga. Mukiuvunja, mvua ikija itachukua udongo mweusi wote, na mwaka unaofuata hamutakuwa na mboga wala muchanga.

Mukinunua kwa mwenye kamyo, muulizeni kwa upole: «Baba, muchanga huu umetoka muto gani? Umetoka upande gani wa machimbo?» Mutu asiyetaka kujibu, musinunue kwake. Ni bora wawili wa mugini waende pamoja naye, waone mahali kwa macho yao.

Mukishajua mahali, pimeni muchanga wenyewe. Vipimo ni vitatu, wala havina gharama.

Kipimo cha mukono. Shikeni konzi moja ya muchanga, muisugue kati ya viganja. Muchanga muzuri unakwaruza na unalia, na kiganja kinabaki safi. Kiganja kikibaki chekundu ao cheusi, kuna udongo ndani. Lakini musiuonje kwa ulimi.

Kipimo cha macho. Mwageni muchanga juu ya ubao. Chembe zisilingane zote. Tunataka kubwa, na za katikati, na ndogo, ili ndogo zijaze nafasi kati ya kubwa. Tena kusiwe mizizi, wala majani, wala makaa. Vitu hivyo vinaoza, na kila kinachooza kinaacha shimo.

Kipimo cha chupa. Twaeni chupa nyeupe. Tieni muchanga mpaka nusu. Tieni maji mpaka karibu na kinywa, na chumvi kidogo ya kupikia. Zibeni, tikiseni sana, kisha wekeni chupa mahali pasipotikisika kwa saa tatu. Muchanga utalala chini, na tope laini litalala juu yake. Pimeni. Kama muchanga ni santimetre 12, tope lisipite santimetre 1. Likipita, osheni muchanga ndani ya ndoo, mumwage maji machafu, mujaribu tena.

Sasa shikeni neno hili, nalo ni kubwa: chupa inaonyesha tope, haionyeshi sumu. Kobalti na uranyumu hazionekani ndani ya chupa. Kwa hiyo mahali kwanza, chupa nyuma. Muchanga wa mahali pabaya usipimwe hata kidogo, uachwe.

Baada ya kupima, chungeni. Kwa upako wa kwanza na wa pili tumieni wavu wa chuma wenye matundu ya milimetre 5. Kwa upako wa mwisho tumieni wavu mwembamba, kama ule wa dirisha wa kuzuia mbu. Kisha anikeni muchanga, mukauke. Muchanga wenye unyevu unavimba ndani ya ndoo. Munadhani mumetia ndoo moja, kumbe ni pungufu ya karibu robo.

4. Kuchagua sima

Kiwanda cha sima kilijengwa Lubudi miaka ya 1920, na sima nyingine imeletwa toka Zambia. Kila mufuko wa kawaida una kilo 50. Musiangalie picha iliyo juu yake. Angalieni namba. Namba 32,5 na namba 42,5 zinaonyesha nguvu ya sima baada ya siku 28. Kwa kupaka kuta, 32,5 inatosha. Sima ya 42,5 ni ya nguzo na ya mihimili inayobeba muzigo muzito. Mutu akiwaambia kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo bora kwa kila kazi, hajui kazi. Upako mugumu kupita ukuta unapasuka.

Kabla ya kulipa, fanyeni hivi. Bonyezeni pembe za mufuko. Zikiwa ngumu kama jiwe, sima imekunywa maji. Mufuko ukiwa wazi, tieni mukono ndani: sima njema ni laini kama unga, na inapoza mukono. Bonge linalovunjika kwa vidole si kitu. Bonge lisilovunjika ni sima iliyokufa, haifufuki. Angalieni tena kama mufuko umefunguliwa na kushonwa, na mukiweza, upimeni kwa mizani.

Nyumbani wekeni mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, mufunike. Musinunue sima mwezi wa kwanza kwa kazi ya mwezi wa sita. Sima iliyokaa zaidi ya miezi mitatu imepoteza nguvu yake, hata kama haionyeshi. Nunueni wakati muchanga umekwisha kufika, na mujenzi yuko.

5. Hesabu ya nyumba moja

Tutwae mufano. Nyumba ya matofali ya kuchomwa, urefu metre 6, upana metre 5, kwenda juu metre 2 na nusu. Muzunguko ni metre 22. Mara 2 na nusu inakuwa 55. Toeni milango na madirisha, metre 5. Zinabaki metre 50 za kupaka, upande wa inje tu.

Mufuko mumoja wa sima ni karibu litri 35, maana yake si ndoo mbili kamili za litri 20. Kwa upako mukubwa, mufuko mumoja unataka ndoo 9 za muchanga mukavu. Upako ukiwa na unene wa santimetre moja na nusu, mufuko unapaka karibu metre 10. Basi mifuko 5 na ndoo 45.

Lakini kabla yake kuna upako wa kurusha, mwembamba, wa kushika ukuta. Huo unataka sima zaidi: mufuko mumoja kwa ndoo 5. Kwa nyumba yetu mifuko 2 na nusu, na ndoo karibu 13.

Jumla ni mifuko 8 ya sima na ndoo karibu 60 za muchanga. Andikeni hesabu hii. Mujenzi akiwaomba mifuko 15, mumuulize sababu. Akisema ataifanya kwa mifuko 4, mumuulize pia. Mumoja anataka kuuza sima yenu, na mwingine anataka kuwapakia muchanga mutupu.

6. Kazi yenyewe

Gongeni kwanza upako wa zamani kwa kidole. Unapolia kama ngoma, umeachana na ukuta. Bomoeni pale mpaka kwenye tofali. Kama upako wa zamani ulikuwa wa muchanga wa machimbo, nyunyizeni maji kabla ya kubomoa, vumbi lisiruke, watoto wakae mbali, mukazike uchafu mbali na kisima na mashamba.

Fagieni ukuta kwa burashi ngumu. Ulowesheni jioni, na tena asubuhi. Tofali kavu inakunywa maji ya sima, na sima bila maji haishiki. Maji ya kuchanganya yawe safi kama ya kunywa; yasitoke katika mufereji wa machimbo.

Changanyeni sima na muchanga vikiwa vikavu, mpaka rangi iwe moja. Ndipo mutie maji kidogo kidogo. Changanyeni kiasi cha kumaliza kwa saa moja na nusu. Kilichoanza kukauka kisitiwe maji mapya, kitupwe.

Rusheni upako wa kwanza, muuache siku moja ao mbili, mukiulowesha. Kisha pakeni wa pili. Wakati wa jua na upepo, nyunyizieni ukuta maji asubuhi na jioni kwa siku saba, tena funikeni kwa mifuko mitupu safi ao majani. Haraka haraka haina baraka.

Sima inaunguza ngozi na macho. Osheni mikono mara nyingi. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi, mukimbie kwa muganga.

7. Nyumba ya matofali mabichi

Nyumba nyingi za migini ni za matofali mabichi ya udongo wa kichuguu. Hapa musikieni: musipake sima tupu juu ya tofali bichi. Tofali bichi inavimba wakati wa mvua na kupungua wakati wa jua. Sima haivimbi wala haipungui. Ni kama kumuvika mutoto anayekua nguo ya bati. Sima inapasuka, maji yanaingia nyuma yake, hayapati njia ya kutoka, na tofali inakuwa tope ndani ya ganda. Siku moja ukuta wote unalala chini.

Nyumba hiyo muipake kwa udongo wenzake. Twaeni sehemu moja ya udongo wa kichuguu cha mahali pema, sehemu mbili ao tatu za muchanga wa muto, na majani makavu yaliyokatwa mafupi kama kidole. Kanyageni, muache usiku kucha, mupake kesho yake. Jaribuni kwanza mahali padogo: upako ukipasuka, ongezeni muchanga, ukianguka unga, ongezeni udongo. Ukikauka, pakeni chokaa nyeupe. Franka munazotaka kutupa kwa sima, mutengenezee paa lipite ukuta kwa hatua moja, na muweke mawe chini ya ukuta, maji yasirukie juu. Paa pana linalinda ukuta kuliko mifuko kumi ya sima.

8. Maneno ya kushika

Jueni kwanza mahali muchanga ulipotoka.
Kisha mupime kwa mukono, kwa macho, kwa chupa.
Sima 32,5, ya sasa, isiyo na mabonge.
Mufuko mumoja, ndoo tisa.
Maji kabla ya kazi, na maji siku saba baada ya kazi.
Tofali ya kuchomwa kwa sima. Tofali bichi kwa udongo.

Wababa na wamama, machimbo yametwaa inchi nyingi, na maji mengi, na nguvu za vijana wengi. Ndani ya nyumba yenu hakuna anayewalazimisha kuyaingiza. Mulango ni wenu. Kwendeni mutafute muchanga wa juu ya muto, hata kama ni mwendo wa siku moja, na muchanga wa machimbo muuache ulipo.